Pindo la Vidole Vinne

Kijana mkataji vitambaa walimbatiza Wembe, na jina likampanda kichwani. Alikuwa kwenye majaribio katika karakana ile ya sare za watoto, na jioni hiyo mama mwenye karakana angesema kama anabaki au anafungasha. Basi asubuhi nzima alikata kwa madaha, akibana kitambaa mpaka mabaki hayakutosha hata kufutia miwani.

Lugha ya mafundi wenzake tu ndiyo ilimchekesha. Fundi akichelewa kwa kuuguliwa, wenzake walisema, "Mpeni pindo." Mteja akifoka: "Kachoka huyo, mpe pindo." Wema kwao uliitwa pindo.

"Hamna neno jingine?" aliuliza.

"Tunayo mengi," alijibu shangazi wa cherehani ya dirishani. "Yanayokuhusu wewe hayasemeki mbele ya watu."

Adhuhuri mama akainua magauni aliyoyakata Wembe.

"Pindo liko wapi?"

"La nini, mama? Nimefuata vipimo. Yatawakaa kama ngozi."

"Mwaka huu. Mwakani je? Watoto umewaamuru wasirefuke?"

Karakana ikaangua kicheko. Wembe, masikio yakimwaka moto, akaanza kukusanya mkasi na chaki zake. Hakungoja kufukuzwa.

Mama akamsogezea kigoda. "Kaa. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuguaugua. Majirani walishanikatia tamaa. Mama yangu akanishonea gauni la shule, ndani akakunja pindo la vidole vinne. Wakamcheka, kitambaa chote hicho cha nini? Mwaka uliofuata akalifumua kidogo, na uliofuata kidogo tena. Kila nilipolala hoi nililipapasa lile pindo, nikajua yupo mtu anayengoja nirefuke. Nilipofungua karakana nikawasimulia hawa, wakalidaka neno, wanalitumia mpaka leo."

Wembe akayatazama magauni. "Na haya?"

"Utayaungia mkanda chini, wa rangi ya kola. Yatapendeza. Na kesho uwahi."

"Kesho? Si ulisema jioni utaamua?"

"Nimekuachia vidole vinne. Bado unarefuka."

Wembe akachukua chaki. Gauni lililofuata alilipima, akalipima tena, akaenda nalo dirishani.

"Shangazi, pindo hili linatosha?"

Shangazi akalikunjua, likashuka mpaka sakafuni.

"Baba we! Unamkatia mtoto au mlingoti?"

"Huwezi kujua, shangazi," alisema Wembe. "Tumwache kwanza akue."