Nadharia Iliyovunjika Kwenye Usaili

Binti alikuwa katikati ya usaili wa ufadhili wa udaktari wa hisabati, chaki mkononi, maprofesa watatu mbele yake, alipogundua kwamba nadharia yake ni uongo mtupu. Ile ile aliyoiombea ufadhili! Kamfano kadogo alikokaandika ili kuwafafanulia kalikataa katakata kuitii.

Mwingine angefuta ubao haraka na kujikohoza. Yeye alipiga makofi hadi vumbi la chaki likamjaa puani. "Jamani, nimekosea! Njooni mwone nilivyokosea!"

Mwenyekiti wa jopo, profesa asiyecheka ovyo, aliinuka, akatazama, akamnyang'anya chaki. Mara wote watatu wakawa ubaoni wanapigana vikumbo kama watoto kwenye bomba la maji, huku waombaji wengine wakisubiri nje mpaka wakachoka.

Jioni simu ikaita. "Ufadhili umepata," alisema mwenyekiti. "Mada ndiyo huna. Umeiua mwenyewe, tena mbele ya mashahidi."

Binti alirukaruka sebuleni mpaka chai ya baba yake, fundi redio, ikamwagika. Mama akapiga vigelegele, kisha akakatisha.

"Sasa mwanangu, unakwenda kutafiti nini?"

"Sijui, mama!"

"Hujui, na watakulipa?"

"Miaka mitatu!"

Mama akamgeukia mumewe. "Umesikia, baba watoto? Mwaka wa pili huu hujui redio yangu ina nini. Kesho asubuhi na mapema, peleka maombi!"