Jicho la Kushoto

Mtaa mzima ulimjua fundi picha kwa mkono wake mwepesi: chunusi alifuta, mikunjo alinyoosha, na ndugu waliogombana aliwaweka bega kwa bega kwenye fremu moja. Mkewe alimtania kwamba siku ya kiama atawahi kusafisha sura za watu kabla hawajahukumiwa.

Picha za binti yao, Kidosho, alizifanya kwa mapenzi zaidi. Tangu mtoto atimize mwaka, kila akimpiga picha, mboni ya kushoto ilitoka nyeupe pe. Fundi aliilaani flashi, kisha kwenye kompyuta akanakili jicho la kulia, akaligeuza, akalibandika kushoto. Picha zikatundikwa studio, wateja wakazisifu. Miezi minane alifanya hivyo bila kumwambia mkewe, kwani nani humsimulia mwenzake kasoro za kamera?

Mama ndiye aliyeona jicho likienda upande na mboni iking'aa nyeupe. Daktari alimlaza mtoto usingizi kwa dawa, akalichunguza kwa ndani, akawaambia bila kuzunguka kwamba ni saratani na jicho litolewe wiki hiyo. Ikiwa haijaingia kwenye mshipa uendao kwenye ubongo, mtoto atapona. Akauliza weupe wa mboni, ambao ndio dalili yake ya kwanza, ulianza lini.

"Wiki tatu," mama alijibu.

Fundi alitazama viatu vyake. Tarehe aliijua, hata saa, maana kamera haisahau. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Yeye aliyaficha bila kujua, na sasa alijua, akanyamaza tena. Huo ulikuwa woga, wala hauna jina jingine.

Jicho likatolewa. Majibu ya maabara yakaja siku ya kumi: ugonjwa umo ndani ya mshipa, mpaka pale ulipokatwa. Dripu za dawa ya saratani zingeanza kesho yake, na daktari hakuahidi kitu.

Mchana huo mama aliingia studio, akaomba picha ya ukutani.

"Nataka nimwone alivyokuwa akiwa mzima."

Fundi alishindwa kuitungua. Akafungua kompyuta, akamwonyesha ile ya mwanzo, isiyosafishwa. Mama akaitazama, akaitazama na ya ukutani.

"Jicho hili zuri ulilitoa wapi?"

"Ni la kulia. Nililigeuza."

Mama aliweka kidole juu ya ile mboni nyeupe kwenye kompyuta.

"Jicho lilikuwa linakuita, baba Kidosho," alisema, "wewe ukalinyamazisha."

Akaiacha picha ukutani, akaenda kufungasha nguo za mtoto za hospitali.