Mstari wa Sukari Guru

Mume wangu anafanya kazi ofisi ya takwimu za chakula, na wenzake wanamwita Bwana Sufuri. Msimwonee huruma, jina limemkaa. Kila mwaka wanatoa kitabu kinene kinachosema mtu wa nchi hii anakula nini kwa siku na mwili wake unapata nini humo. Wenzake wamepewa nyama, maharage, samaki, vitu vya maana. Yeye amepewa mstari unaoitwa protini itokanayo na sukari guru.

Ndiyo, protini. Kwenye sukari guru. Nilipoolewa nilidhani ananitania.

"Imo," aliniambia, uso umemkauka kama hakimu.

"Kiasi gani?"

"Sufuri nukta sufuri moja ya gramu. Kwa kila mtu, kwa siku."

"Hiyo hata mbu hashibi."

Alinuna mpaka chakula cha jioni. Mimi ni fundi cherehani, naelewa mtu kupenda vitu vidogo, lakini huyu bwana alizidi. Mstari wenyewe ameuchora kwenye karatasi na kuubandika ukutani, pale tunapolia chakula. Unateremka mwaka baada ya mwaka, kwa sababu watu wamehamia sukari nyeupe ya kiwandani. Wageni wakija huuliza kama kuna mtu anaumwa.

Sababu ya mapenzi hayo ni mama yake. Mama mkwe anapika sukari guru mpaka leo, nyuma ya nyumba yake: maji ya miwa kwenye karai, kuni chini, yeye juu na upawa anaengua povu mpaka rojo linakuwa zito la kumimina. Karai hilo ndilo lililomsomesha mume wangu. Na mama mkwe ana neno lake moja, hulirudia kila tukikaa: "Maisha yangu yote nimelisha mtoto mmoja tu, na mtazameni alivyokonda kama kamba." Basi kwenye kitabu chote cha serikali, kazi ya yule mama imo kwenye mstari mmoja, na huyo kamba wake ndiye anayeulinda. Mwenyewe mama hakujua. Mimi niliambiwa mara moja tu, halafu bwana akageuka kuchokonoa redio.

Mwaka huu mkurugenzi akasema mistari isiyo na maana itatupwa kwenye fungu la "mengineyo". Ila kwanza kila kitu kipimwe upya maabara. Mume wangu alikonda wiki ile, kama vile alikuwa na pa kukonda. Majibu yakaja: protini ya sukari guru imepanda! Haikupanda kidogo, imeruka. Akarudi nyumbani anapiga mluzi. Jumatatu atasimama mbele ya wageni wa ofisi aeleze mstari wake, na hakuna mtu wa kuugusa tena. Hata lile jina la Bwana Sufuri walilisahau kwa muda.

Jumapili mchana nikachemsha chai, sukari imeniishia.

"Lipo bonge kwenye mkoba wangu," akasema. "Lilelile nililowakatia watu wa maabara."

"Lilelile lipi?"

Ikabidi aseme. Alitakiwa aende sokoni, achukue vipande kwa wauzaji mbalimbali. Badala yake aliwakatia kipande cha bonge alilopewa na mama yake, lililokuwa likiishi kwenye droo ya meza yake ya kazi, kwa kuwa mtoto wa mama hawezi kujumlisha bila kumumunya kitu. Sukari ya mama ni safi kuliko zote, akasema. Sikubisha. Nikaligonga bonge kwa mpini wa kisu, likapasuka katikati.

Lo! Sisimizi! Wamechimba barabara humo ndani, wamejenga, wamezaa, mayai meupe yamejaa kila kona.

"Bwana Sufuri," nikaita, "njoo uione protini yako!"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu nikamwona usoni, kicheko kikaniishia. Alikuwa amekaa, amelishika lile bonge kwa mikono miwili.

"Nikisema, wanaufuta," akasema. "Mstari wa mama unakwisha kesho."

"Na usiposema?"

"Unabaki."

"Basi funga mdomo," nikamwambia, na nilimaanisha. "Nani atajua?"

Akaliweka bonge mezani. "Na mwakani? Nifuge sisimizi?"

Jumatatu akasimama akasema kila kitu, droo na kumumunya vyote. Wageni walicheka mpaka mmoja akamwaga maji. Mkurugenzi naye alicheka, akamshukuru kwa ukweli wake, na kabla ya chai sukari guru ilikuwa imeshatupwa kwenye mengineyo. Bwana akarudi hana mluzi. Akaubandua ule mchoro ukutani, akasema anakwenda kwa mama. Nikamfuata. Kuliko nikose hayo, bora nikose mteja.

Tulimkuta kwenye karai. Akasikiliza habari yote upawa mkononi.

"Umewaambia watu wazima sukari yangu ina wadudu?"

"Ni wa kwenye droo, mama. Wadudu wa serikali."

"Ukome! Kufunika tu kumekushinda, na shule yote hiyo!" Kisha akasita. "Mstari gani huo unaosema wameufuta?"

Akamfungulia mchoro. Akamweleza taratibu, kidole juu ya karatasi. Mama mkwe akauangalia ule mteremko.

"Hii sufuri sufuri moja ni ya nani?"

"Ya kila mtu, mama. Inagawanywa kwa wote."

"Na vichanga?"

"Nao wamo."

"Na huyo mkurugenzi wako?"

"Naye yumo."

Povu likaanza kupanda kwenye karai, na yeye hakuliangalia. Sijawahi kuona. Nikamchukulia upawa nikaengua mwenyewe, vibaya, wala hakunisema.

"Kumbe niliwalisha wote," akasema.

Akalia, na hakusingizia moshi. Mume wangu naye machozi hayo. Nami nikaengua povu kwa bidii, kwa sababu mtu mmoja pale ilibidi aone.

Alipomaliza akajifuta, akamtazama mwanawe kuanzia juu mpaka chini.

"Na wewe kwenye hesabu hiyo ulipata sawa na wengine?"

"Sawasawa na wengine, mama."

"Ndiyo maana umekonda," akasema, akamkatia bonge jipya, na safari hii akampa ndani ya kopo lenye kifuniko.