Mpunga wa Profesa Abeli

Nawatega, mtafute jibu huku mkisoma: wali wa juzi umepashwa moto mara ya tatu, na mpishi anaapa umepikwa leo.

Mjukuu wangu Gideoni ni mhariri wa jarida la wasomi hapa Dodoma, la mambo yote ya nyanda zetu. Wa udongo anaandika, wa historia anaandika, wa mila anaandika, na hakuna anayesoma ya mwenzake. Mwaka huu kamati ilimwonya: akichapa tena makala iliyokwisha kuchapwa kwingine, uhariri ananyang'anywa.

Haikupita wiki, Profesa Abeli akamletea makala ya mpunga wa Bahi. Ni ileile aliyokwisha kuichapa kwingine, kichwa tu kimebadilishwa. Na Profesa huyo ndiye aliyemzaa Devota, mke wa Gideoni.

"Mkatalie," nikamwambia.

"Bibi, mkwe anakataliwaje? Mimi hata kula naye meza moja naogopa."

Akampa Dokta Zaidi, Mnyamwezi wa Tabora, aipime. Kwa wasomi mpimaji hatajwi jina. Zaidi akaandika: "Mgogo huyu ana ng'ombe mmoja. Anamzungusha zizini mara tatu ili tuhesabu watatu."

Maoni yalipomfikia, Profesa akapiga simu. "Nani huyo ananitukana?"

Gideoni akaona ndoa inaondoka kabla ya uhariri. Akavunja sheria yao. "Baba, ni Zaidi. Yule Mnyamwezi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe mtani wangu. Mwambie babu zake walibeba mizigo ya watu mpaka wakasahau njia ya kwao."

Sisi Wagogo ndivyo tulivyo na Wanyamwezi, na hata na Wahehe; ukikasirika unachekwa wewe. Mzee akaiondoa makala, na Gideoni akaja kwangu kula ugali wa raha.

Raha haikudumu. Makala ikarudi na ng'ombe wa Zaidi ndani, neno kwa neno, na mizigo ya babu zake pembeni. Juu majina mawili: Abeli na Zaidi.

"Sasa ni mpya," Zaidi akamwambia bila aibu. "Ina kilimo, ina mila pia. Si ndivyo jarida lenu linavyotaka?"

Mkwe mmoja alikuwa mzito, sasa na mtani juu yake. Gideoni akachapa, macho kafumba. Kamati ikaisifu makala kuliko zote, ikamwongezea muda wa uhariri.

Wali wenyewe ndio huo. Jana Profesa kampigia tena, ana haraka ya toleo lijalo. Anauliza kama Gideoni anamfahamu Mhehe yeyote anayejua kusoma.