Upande wa Kushoto

Mama yangu alipohamia kwetu Baraka kutoka Lweba, jirani yetu Rehema alimpokea na kicheko.

"Weye Constance uko na bahati. Munganga iko ndani ya nyumba ya mutoto yako. Hata mbuzi yako itakufa na uzee."

Munganga mwenyewe alikuwa bwana yangu, Placide, aliyefanya kazi dispanseri. Watu walishuka hata kutoka Bibokoboko kule milimani kumletea vidonda vyao, na bamama wengine waliita watoto wao jina lake.

Lakini mama hakuweza kumletea kitu. Kwetu mama mukwe na mukwe wake hawatazamani usoni. Placide alipoingia uani alikohoa kwanza, ili mama apate nafasi ya kuingia jikoni ao kugeukia ukuta. Hawakula pamoja, hawakupeana kitu mkono kwa mkono. Wakiwa na neno la kuambiana, walilipitisha kwa mtoto wangu Fabien, ambaye hata kutembea alikuwa hajajua. Mama alikuwa koko yake, yaani bibi yake.

"Fabien, uliza koko kama alilala muzuri," Placide alisema mlangoni kila asubuhi.

"Fabien, ambia baba yako koko alilala," mama alijibu kutoka jikoni.

Fabien alinyonya kidole chake, na mimi nilicheka. Niliona hakuna nyumba yenye heshima kama yetu.

Kitu kimoja tu kiliniuma. Nilidhani mama hampendi Fabien. Alimbeba upande wa kuume tu, na mtoto akimrukia kifuani alimwondoa haraka. Siku moja alimsukuma mpaka akaanguka kitako na kulia. Nikamwokota.

"Mama, huyu ni mutoto wa nani unamufukuza hivi?"

"Iko muzito," alisema. Alikuwa ameshika kwa ngumi kikwembe chake, nguo aliyojifunga kifuani. "Mi nimezeeka, Marthe. Usinikalipie."

Uzee ulikuwa jibu lake la kila kitu. Mkono umevimba, ni uzee. Amekonda, ni uzee. Haendi tena kanisani, miguu imezeeka. Na utamwambia nini mtu anayekuambia amezeeka?

Jioni nilikwenda foaye, kule bamama vijana tulikofundishwa kusoma, kushona na kuogesha watoto. Mwaka ule wa 1957 tulikuwa na mwalimu aliyesomea Bukavu, Madamu Florentine. Jioni moja aliacha mambo ya watoto akasema juu ya mama zetu.

"Kuna kivimbe cha titi kinaanza bila kuuma," alisema. "Kinapenda bamama wenye miaka mingi kuliko nyinyi. Na kama mama ao dada wa muntu alikuwa nacho, yeye achunge zaidi. Musingoje kiume. Kikianza kuuma, mumechelewa."

Mwanamke mmoja wa nyuma akauliza, "Na kama munganga ni kijana, koko yangu amufungulie kifua?"

Tulicheka wote. Madamu Florentine hakucheka. "Afungue," alisema, "ao azikwe nacho."

Kesho yake, siku ya Mungu, nilimsimulia mama hayo tukitwanga sombe, majani ya muhogo, vile tu mtu anavyosimulia habari. Nikasema, "Dada yako mukubwa kule Lweba, si alikufa na kidonda cha kifua?"

Mama aliacha mtwangio ndani ya kinu, akaingia chumbani mwake. Nilimfuata. Alikuwa amekaa kitandani, na kabla sijauliza kitu alifungua kikwembe.

Titi la kushoto lilikuwa limevutwa ndani, kama nguo iliyoshonwa vibaya. Ngozi yake ilikuwa ngumu, yenye vishimo kama ganda la chungwa, na chini yake kulikuwa na kidonda alichokifunika kwa kipande cha nguo. Ile harufu ya chumba chake, siku zote nilidhani ni samaki.

"Tangu lini, mama?"

"Ilikuwa kadogo. Fabien hakuwa amezaliwa."

"Na mi sikuambiwa?"

"We unalala na munganga. Ningekuambia, ungemuambia. Angekuwa ananiwaza hivi, kifua wazi. Ningemupita namna gani tena uani?"

Nilitoka mbio. Placide alikuwa amekaa kivulini, Fabien mapajani. Nikamwambia, "Mama iko na kivimbe cha titi. Kuna kidonda." Alisimama, akakaa tena.

"Siwezi kuingia, Marthe. Unajua."

"Basi sema, mikono itakuwa yangu."

Alileta kiti mpaka nyuma ya chumba cha mama, akakaa nje na kuutegemea ukuta wa matete kwa mgongo. Fabien alikuwa naye. Mimi nilikuwa ndani na mama, na tulisikia hata pumzi yake.

"Fabien," alisema, "ambia mama yako anyooshe vidole, asibonyeze na kucha."

Nikanyoosha.

"Aguse kivimbe pole pole. Inatembea ao imeshikamana?"

"Imeshikamana."

Mama alifunga macho.

"Fabien, ambia mama yako aingize vidole ndani ya kwapa ya kushoto."

Vidole vyangu vilikwenda. Nilikuta vitu kama maharage chini ya ngozi, moja karibu na nyingine. Ndipo nikasikia alichokisema. Nilikuwa sijamwambia ni upande gani.

"Placide, nani alikuambia kushoto?"

Fabien ndiye aliyejibu, kwa ile sauti yake ya ba-ba-ba. Nilitoka nje na mikono yangu bila kunawa.

"Nani alikuambia?"

"Niliona kikwembe yake imeloa upande wa kushoto," alisema akitazama chini. "Alikuwa anaanika samaki ya ndagala. Mvua ya mwaka huu haikuwa imeanza."

Mvua ilikuwa imeanza na kwisha. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua ile tulikuwa tumeyala.

"Kila siku unatazama matiti ya bamama wa watu."

"Wale si mama mukwe yangu."

"Na mi? Mi ni mukwe yako? Mi ungeniambia."

"Angejua nilimutazama. Ni mama yako, Marthe. Nilimuheshimu."

Kutoka ndani ya matete mama akasema, "Umwache. Siku ile nilimuona ananiona. Akageuza macho. Nilimushukuru ndani ya roho."

Kumbe walijua wote wawili, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Walikuwa wakipishana na siri hiyo uani kwangu, wakiulizana habari za usingizi kwa kinywa cha mtoto wangu. Walitunziana heshima yao vizuri sana. Mimi niliyewapikia wote, niliyemkasirikia mama kwa kumsukuma Fabien, ndiye waliyemfungia nje.

Placide alitutafutia nafasi kwenye kamio, lori la kubeba pamba, inayokwenda Uvira. Siku ya safari alisimama barabarani na kifurushi cha bandeji ambacho hakuweza kumpa mama mkononi. Akaninyooshea mimi. Nilikipokea nimegeuza uso pembeni, kama mama mukwe.

Hospitalini doktere mzungu alimpima mama bila haraka. Msaidizi wake, Jacques, alitutafsiria.

"Anasema atakata kesho kutwa. Kama kwapa ingekuwa safi, angesema maneno mazuri zaidi. Sasa hawezi kuahidi, lakini atakata." Alisikiliza tena. "Anauliza, kule kwenu hakuna dispanseri?"

Mama alinifinya mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Iko," nilisema. "Munganga wake ni bwana yangu. Alijua. Na mama alijua kwamba anajua."

Jacques alinitazama. "Nimutafsirie hii?"

"Umutafsirie yote."

Mama aliachilia mkono wangu. Akageukia ukuta, vile vile alivyokuwa akimgeukia Placide, na hakusema nami tena siku ile. Usiku nililala sakafuni chini ya kitanda chake na Fabien kifuani.

Asubuhi nilisikia akijisogeza pole pole. Nilidhani amelala tena.

"Fabien," alisema, bado ametazama ukuta, "ambia mama yako koko iko na njaa."

Nilimfunga mtoto mgongoni, nikakimbia kutafuta uji.