Muulize Nani Atapanda Juu ya Bati

Mama mwenzangu, mwanao akikwambia anajiunga na mtandao wa mtaa, ule wa majirani kurushiana mawimbi ya intaneti kutoka bati hadi bati bila kampuni yoyote, usimuulize faida yake. Muulize nani atapanda.

Mimi sikuuliza. Mwanangu Pandeli ni mtu mzima, mnene, na ana kizunguzungu tangu utotoni. Nilipomwona kashika ngazi, moyo ulinipaa.

"Shuka!"

"Mama, sijapanda bado."

"Shuka hivyo hivyo!"

Nikampa mlingoti wangu wa kuanikia nguo uani, ule wa chuma wenye mikono minne inayozunguka. Akafunga dishi lake la mtandao kileleni, likatazama nyumba ya jirani yetu mzee Merv kilimani. Nikajiona nina akili.

Kumbe nikianika tu, upepo wa huku Adelaide, Australia, unashika nguo, mlingoti unazunguka, dishi nalo linazunguka, mtandao wa mtaa mzima unakatika. Merv akaja getini.

"Mama Pandeli, leo huaniki, eti? Tuna vita vya vifaru kwenye kompyuta."

"Na chupi zangu nikaanike kwako?"

"Lete tu. Nafasi ipo."

Mzee mzima huyo, mjane! Nikamuuliza kwa nini asilipie kampuni kama watu wengine.

"Ya kampuni ikikatika, naongea na mashine kwenye simu. Hii ikikatika, nakuja hapa nakula keftedes zako."

Kweli, alikuwa ameshamaliza sahani niliyomletea ya kababu hizo za Kigiriki.

Jumamosi nikaanika blanketi la sufu. Wakaja majirani wote, kila mmoja na ngazi yake, kama wanazima moto. Wakakubaliana dishi lihamie juu ya bati.

"Dishi ni langu, napanda mwenyewe," akasema Pandeli. Kidato cha pili cha ngazi tu, akaikumbatia, akafumba macho.

"Hebu toka hapo!" Nikamvuta kwa mkanda, nikapanda mimi, na slipa zangu.

"Kushoto, Mama!" wakapiga kelele. "Hapo hapo! Usitikisike!"

"Nitatikisikaje? Nimeganda!"

Mawimbi yakashika. Wakashangilia, wakanishusha kama kabati.

Siku hizi upepo ukisogeza dishi, wananiita mimi. Jana tu nilikuwa nafunga kamba za viatu, Pandeli kashika ngazi kwa mikono miwili, jasho linamtoka.

"Mama, shuka!"

"Sijapanda bado."