Kabati la Kubeba Ziwa

Watu wa Bunia watakusimulia mengi kuhusu mume wangu Hippolyte, na mengi ni uongo. Lakini hili la kabati ni kweli, na ninalisema mwenyewe kabla halijaharibika zaidi midomoni mwa watu.

Hippolyte ni seremala. Aliponioa alikuwa anatengeneza vitanda, milango, meza na madawati ya shule. Vita vilipoingia Ituri, kazi ikabaki moja tu: majeneza. Kwa miaka miwili atelye yetu, karakana pale mtaa wa Nyakasanza, haikutoa kitu kingine. Yeye alipiga misumari, mimi nikashona kitambaa cheupe cha ndani, maana jeneza lisilo na kitambaa ni aibu kwa wafiwa, vita au si vita. Watoto, Destin na wadogo zake, tulikuwa tumewapeleka Beni kwa dada yangu. Tulibaki wawili, mimi na yeye, na watu waliokuja kutugongea wakilia.

Sisemi kazi ile ni mbaya. Mtu lazima azikwe. Ila ilimla mume wangu taratibu. Aliacha kupiga mluzi. Aliacha kunitania, yeye ambaye zamani hakuweza kunywa chai bila kunichokoza. Siku moja mama mmoja wa kanisani alimwomba kiti. Kiti tu! Hippolyte alikaa na ubao magotini tangu asubuhi mpaka jua la utosi, kisha akaniambia, "Mama Destin, nimesahau namna ya kuanza."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Tangu siku hiyo niliogopa jambo moja kuliko risasi: kwamba mikono ya mume wangu haitarudi tena kwa walio hai.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2002 akaja Prof Gaspard, jirani yetu, mwalimu wa biolojia aliyestaafu. Mke wake, Mama Charlotte, ni mzaliwa wa Kasenyi, kule chini ziwani. Presha ilikuwa imempiga, upande mmoja wa mwili ukafa. Alilala sebuleni kutwa nzima akiangalia ukuta, na kitu pekee alichoomba ni kuliona ziwa tena. Lakini njia ya kushuka Kasenyi ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki, na hata ingekuwa wazi, nani angembeba kwenye kona zile?

Basi Prof, badala ya kununua unga kama watu wenye akili, alinunua vioo vizito vya dirisha la duka moja, mwenye duka akiwa anakimbilia Uganda. Akaviunganisha mwenyewe kwa silikoni ya kutoka Kampala, akapata tangi la samaki lenye urefu wa metre moja na nusu. Alituletea gazeti la zamani la Kifaransa, limejaa picha za matangi ya samaki wa baharini, na matumbawe mekundu na ya zambarau.

"Mi nilitaka hivi," alisema, akigonga picha kwa kidole. "Lakini Mama Charlotte amekataa. Anasema hajui bahari. Anataka mawe ya Kasenyi na samaki ya Kasenyi."

"Na mimi, unataka nikufanyie nini?" Hippolyte akamuuliza.

"Kabati ya kuibeba. Ukichanganya maji, mawe na kioo, itafika kilo sept cents, mia saba."

Hippolyte aliweka gazeti chini. "Ni ya mutu mwenye angali muzima?"

Prof alimwangalia kama hakuelewa. "Ndiyo. Ni ya bibi yangu."

"Basi nitaifanya. Na nikishindwa hii, Prof, nafunga atelye. Sitashika tena musumeno."

Aliitoa libuyu yake ya mwisho, mbao nyekundu zilizofika kutoka Niania kabla njia haijakatika. Siku nne alifanya kazi, na siku ya pili nikasikia mluzi. Nilisimama na mwiko mkononi jikoni nikisikiliza, nikiwa na furaha ya kijinga kabisa. Siku hiyo nilimpakulia sombe ya majani ya muhogo mpaka akalalamika. Siku ya nne alinikabidhi kabati, nikapaka vanishi, nikamalizia ndani, tukalipeleka kwa toroli la pusipusi, watu wakitupisha njia.

Wanaume wanne walilipandisha tangi juu ya kabati. Prof alianza kumwaga maji kwa mabido, yale madumu ya lita ishirini, bido baada ya bido, Mama Charlotte akiwa amegeuziwa kitanda aangalie. Bido la tisa lilipoisha, kitu kililia: kaa! Ubao wa juu ulikuwa unabonyea katikati kama godoro.

"Toa maji!" Hippolyte alipiga kelele. "Toa, toa, toa!"

Tulichota kwa mabeseni, kwa sufuria, kwa kikombe cha chai. Kioo hakikupasuka, Mungu ni mwema. Tangi liliposhushwa, Hippolyte akalilaza kabati ubavu, akafungua milango, na sote tukaona kwa mara ya kwanza kitu alichokitengeneza.

Chini kulikuwa na mbao nene, na mapapi matatu yaliyokingama ya kuzishikilia. Juu kulikuwa na ubao mwembamba uliopigiliwa misumari kwenye pembe, kama kifuniko. Ubavu ulikuwa mpana upande mmoja, ukapungua kuelekea mwingine, upana wa mabega na upana wa miguu. Jeneza nguvu zake ziko chini, kwa sababu ndani yake kuna uzito na watu wanalinyanyua. Juu halibebi kitu, labda maua. Mume wangu alikuwa amemtengenezea Mama Charlotte jeneza lenye milango.

Na mimi nisijifanye mwerevu. Ndani, kuanzia pembe hadi pembe, kulikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri na kubanwa kwa pini. Hakuna aliyeniomba. Nilikishona nikiwa naimba, na sikukiona mpaka wakati ule. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Aliyeanza ni Mama Charlotte. Alicheka kwa upande ule wa mdomo uliobaki mzima, mate yakimtoka, mpaka Prof akaenda kumfuta. "Jamani! Mumenifanyia sanduku ya maiti na mi ningali napumua!"

Hakuwa na ubaya. Nadhani alifurahi kupata kitu cha kuchekesha. Prof naye, mtu wa hesabu, alikuna kichwa akasema, "Lakini chini yake iko nguvu. Tuigeuze tu."

"Apana," Hippolyte akasema. "Ile ni sanduku. Hata ukiigeuza, ni sanduku yenye kugeuzwa." Akatoka, akaacha randa na nyundo sakafuni kwa watu.

Siku mbili hakufungua atelye. Waliokuja kwa majeneza niliwaelekeza kwa seremala mwingine. Hippolyte alikaa kwenye kizingiti akiangalia mikono yake kama mikono ya mgeni aliyeiacha pale. Nilimbembeleza. Nilimletea chai. Nilimwombea. Siku ya tatu hasira zikanipanda, na mimi hasira zikinipanda sijui kuzishusha.

Niliingia chumbani nikatupa godoro ukutani, nikachukua nyundo nyingine ya atelye, nikaanza kupiga kitanda chetu. Kitanda cha muvula, mti mgumu, alichonitengenezea mwenyewe kabla ya harusi. Pigo la tatu akaja mbio.

"Mama Destin! Uko unafanya nini?"

"Niko navunja kitanda."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Juu ya mbao. Libuyu imekwisha, njia ya Niania imefungwa, na mu nyumba hii hamuna seremala." Nikapiga tena. "Angalia hii, Papa Destin! Uliifanya weye. Imetubeba siye wawili, imebeba batoto watatu wakirukaruka, na haijalia hata siku moja. Sanduku inabebaka chini. Kitanda inabebaka juu. Ulijua hii zamani, mbele ya kunioa!"

Alininyang'anya nyundo. Nilidhani atanifokea, nikajiandaa kumjibu. Badala yake alichuchumaa, akachomoa ubao wa ubavuni, akapitisha kidole gumba kwenye ulimi wa ubao huo, ncha iliyochongwa iliyokuwa imeingia ndani ya mguu wa kitanda bila msumari hata mmoja. Akaugeuza, akaupapasa tena.

"Umeivunja vibaya," akasema.

"Basi itengeneze vizuri."

Tulilala kwenye mkeka. Kazi ilimchukua siku tano, na haikuwa na mluzi wowote. Alikosea, akatoboa tundu upya. Alikata mguu mfupi, akatukana, akatafuta kipande kingine. Kila ulimi wa mbao aliuangalia jinsi alivyoukata zamani, akauiga, kama mwanafunzi anayenakili kwa mwenzake, na mwenzake huyo alikuwa yeye mwenyewe. Miguu sita iliyonyooka, boriti nne juu, ubao mnene wa kukalia tangi. Chini akaweka ubao mwembamba tu. Nilipokaribia na vanishi aliniangalia usoni. "Kitambaa, weka mbali."

"Nimekichoma," nikamwambia. Ilikuwa uongo, nilikuwa nimekifua kwa kazi nyingine, lakini alihitaji kusikia hivyo.

Tukarudi kwa Prof. Tangi likapandishwa. Mabido ishirini na saba yalikuwa yamepangwa ukutani, maji ya chemchemi yaliyotulia siku tatu. Prof alinyanyua la kwanza. Hapo Hippolyte akafungua mlango wa kabati, akainama, akaingia ndani.

"Papa Destin, unatafuta nini humo?" Prof akauliza.

"Mwaga maji."

"Toka kwanza!"

"Mara ile mbao ililia tukachelewa kuisikia. Nataka nisikie mapema. Mwaga."

Prof akaweka bido chini. Alisema yeye hawezi kumwaga kilo mia saba juu ya kichwa cha mtu. Wale wanaume wanne wakaanza kuangalia mlango wa nje. Mimi nilipiga magoti mbele ya kabati nikamtukana mume wangu matusi ambayo sikujua ninayo. Nilimwona amejikunja ndani ya sanduku la mbao nililolipaka vanishi kwa mkono wangu, na kwa miaka miwili nilikuwa nimeona watu wengi mno ndani ya masanduku.

"Toka, Hippolyte. Nakuomba. Watoto wako Beni. Toka."

"Niangalie vizuri," akasema, taratibu. "Mu sanduku mutu analalaka. Mi niko nakaa. Mama Destin, mwaga weye."

Nikamwangalia. Alikuwa amekaa kweli, mgongo kwenye mguu wa nyuma, viganja vyote viwili vimeshika boriti ya juu. Macho yake yalikuwa yale ya zamani, ya mtu anayetaka kunichokoza lakini anaogopa. Nilielewa kwamba nikikataa atatoka, atanisamehe, na sitampata tena.

Kitandani Mama Charlotte hakucheka safari hii. "Mwaga, mwanangu," akasema. "Mwaga, anakungojea."

Nilinyanyua bido. Nilimwaga la kwanza vibaya, nusu ya maji ikanilowesha. Nilimwaga la pili. Kila likiisha niliuliza, "Upo?" naye akajibu kutoka ndani, "Niko." La tisa lilipokwisha niliinama mlangoni mwa kabati. "Upo?" Akachelewa kujibu. "Niko. Mbao imejikalisha kidogo. Endelea." Prof alitaka kunipokea nikamkatalia. Mikono iliniuma, machozi na maji vilichanganyika usoni, nikaendelea kuuliza na kumwaga, mpaka bido la ishirini na saba.

Maji yalitulia. Yakasimama wima mbele ya Mama Charlotte, safi, hayana samaki bado, yana mawe tu ya Kasenyi, yaliyopandishwa na wachuuzi wa samaki, chini yake. Yeye aliyaangalia, Prof akaketi pembeni ya kitanda akamshika mkono.

"Papa Destin," nikasema, "imekwisha. Toka sasa."

"Acha nikae kidogo," akajibu. "Haisogei, Godelive. Haisogei hata kidogo."

Tangu watoto wazaliwe alikuwa hajaniita jina langu. Nikakaa sakafuni katika maji niliyoyamwaga, nikaingiza mkono ndani ya kabati, nikashika mguu wake, ule uliokuwa karibu, nikaushika kwa nguvu. Ulikuwa na joto.